Tafuta maji kabla ya kununua mbao: Somo la sakafu yetu Cyangugu

ILIKUWA yapata saa nne asubuhi, Aprili 2022, mvua za itumba zikiwa zimekolea. Nilikuwa dukani chini nikimpimia mteja sukari. Ghafla nikasikia mlio kama wa kuni kavu inapovunjwa gotini, kisha ukelele wa mwanamke. Nilipoinua macho, nikaona mguu wa mtu unaning'inia kwenye dari. Kandambili yake ilikuwa imeshaanguka juu ya mizani yangu.

Mguu ule ulikuwa wa mama mmoja mchuuzi kutoka Bukavu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akihifadhi mizigo yake kwetu kabla ya kuvuka daraja. Alikuwa amepanda ghorofani kuangalia magunia yake. Mbao ya sakafu ikamwachia, akazama mpaka kwenye paja. Tulipomtoa ngozi ilikuwa imechunika kutoka kifundoni hadi gotini, ila mfupa haukuvunjika. Tukamshukuru Mungu.

Hata hivyo, usiku ule sikulala. Chumba kile kinapakana na chumba anacholala mama yangu mzazi. Na kapeti la plastiki lililoficha ubovu ule niliyelitandika ni mimi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili.

Msomaji mpenzi, nayaandika haya kwa sababu najua sipo peke yangu. Wengi wetu tuliorudi nchini tuliingia katika nyumba kuukuu, tukazipaka rangi, tukaendelea na maisha. Na wengi wa wachuuzi wa mpakani huweka mali zao katika nyumba kama hizo bila kujiuliza wamesimama juu ya nini.

Nyumba ya ng'ambo

Nilizaliwa Bukavu. Mama yangu alivuka mto Rusizi akiwa mgongoni mwa mama yake, katika machafuko yaliyoanza mwaka 1959. Sisi watoto tulikua tukiitazama Cyangugu kutoka ng'ambo. Ukiwa Nguba, mji huu wa zamani unauona wote, umeegemea kilima na miguu yake imo ziwani. Jioni mama alikuwa akituonyesha taa na kutuambia, "Kule ndiko kwetu."

Tulirudi mwaka 1995. Mwaka uliofuata baba alinunua nyumba hii ya ghorofa moja, si mbali na mpaka wa Rusizi ya Kwanza. Wazee wa hapa wanasema ilijengwa na mfanyabiashara mmoja enzi za Wabelgiji: chini duka, juu vyumba vya kulala. Kuta ni za matofali ya kuchoma. Sakafu ya juu ni ya mbao, nazo zimelazwa juu ya boriti nzito ambazo mafundi wa huku huziita madriye. Kila boriti imechomekwa ncha zake mbili ukutani, moja upande wa barabara na nyingine upande wa ziwa.

Mji wenyewe siku hizi umehamia juu, Kamembe, kwenye soko, benki na uwanja wa ndege. Tangu mageuzi ya mikoa ya mwaka 2006 hata jina limebadilika, sasa ni Wilaya ya Rusizi. Sisi wa huku chini tumebaki na nyumba zetu kuukuu na jina letu la zamani.

Maji yaliingia lini?

Fundi wa kwanza niliyemwita alikagua tundu kwa dakika tano. Akashauri tupigilie plaiwudi nene juu ya mbao zote, kazi ya siku mbili. Fundi wa pili akashauri tumwage zege juu ya mbao ili nisisumbuke tena. Nilikaribia kumkubali, maana neno zege lina namna ya kumtuliza mtu mwenye hofu.

Wa tatu alikuwa mzee mmoja wa Bukavu, seremala tangu ujana wake. Hakutazama tundu kwanza. Alitoka nje, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama mvuani akitazama paa. Aliporudi ndani aliniambia, "Mama, usinunue mbao kwanza. Tafuta maji inatoka wapi."

Tulipoyatafuta, tuliyakuta yana historia ndefu.

Jumapili ya Februari 3, 2008, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 lililipiga eneo hili la Ziwa Kivu. Watu zaidi ya 30 walifariki Rwanda, wengi wao hapa Rusizi na jirani zetu Nyamasheke, wakiwemo waumini waliokuwa kanisani. Nyumba yetu ilisimama. Tulipata nyufa mbili tukaziziba kwa saruji, tukaona tumepona. Hatukujua kwamba mfereji wa bati unaopokea maji ya paa upande wa ziwa ulikuwa umechomoka kidogo kwenye kona. Kuanzia siku ile, kila mvua iliponyesha, maji yaliteremka ndani ya ukuta, mahali zilipochomekwa ncha za boriti.

Mwaka uleule sakafu ya kona ile ilianza kulia mtu akipita. Nikanunua kapeti la plastiki Kamembe, nikalitandika ukuta hadi ukuta. Chini, baba alikuwa ameshafunika boriti kwa plaiwudi iliyopakwa rangi nyeupe ili duka lipendeze. Kwa hiyo mbao zile zilizibwa juu na chini. Maji yalikuwa na njia ya kuingilia, lakini hewa ya kuzikausha haikuwa na pa kupita.

Kisha ukaja Machi 2020. Mipaka ilifungwa kwa sababu ya korona. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, ila wachuuzi wa miguu hawakuweza kuvuka. Mama yule mchuuzi alikuwa ameacha kwetu magunia ya chumvi na ya unga, akitegemea kurudi baada ya siku chache. Mipaka ya nchi kavu ilikuja kufunguliwa tena Machi 7, 2022. Miaka miwili chumba kile kilikuwa kimefungwa, madirisha yamekomewa, chumvi imelundikwa kwenye kona ileile.

Kila mpishi anajua kwamba chumvi huvuta unyevu wa hewani. Ilivuta, ikayeyuka, ikatiririka kati ya mbao na kuila misumari kwa kutu. Uozo ulianzia kwenye ncha za boriti, chumvi ikamalizia kwenye mbao za juu.

Mbao huoza vipi?

Mbao haiozi kwa uzee. Zipo mbao za karne nyingi ambazo bado ni ngumu kama chuma. Kinachoozesha ni kuvu, na kuvu wanahitaji maji. Mbao ikiwa kavu, yaani maji yaliyomo hayafiki asilimia 20 ya uzito wa mbao yenyewe, kuvu hawaoti. Ikiloa na kubaki imeloa, wanaanza kuila.

Maana yake ni kwamba ukibadilisha mbao pasipo kuzuia maji, umewapelekea kuvu chakula kipya. Ukipigilia plaiwudi juu ya uozo umewajengea kibanda. Na ukimwaga zege juu ya mbao zilizooza, umeongeza uzito juu ya mgonjwa. Zege la unene wa sentimita 5 tu lina uzito wa zaidi ya kilo 100 kwa kila mita moja ya mraba.

Mzee alinifundisha namna ya kupima. Unachukua bisibisi, unaichoma mbao karibu na ukuta. Mbao nzima huikataa, mbao mbovu huipokea kama muhogo uliochemka. Unagonga pia kwa nyundo: nzima hulia kwa sauti kavu, mbovu hutoa sauti nzito isiyo na mwangwi. Ukiona vishimo vidogo vyenye unga laini, hao ni wadudu watobozi wa mbao. Ukiona vichuguu vya udongo vinapanda ukutani, huo ni mchwa. Na wote hao wanafurahia zaidi mbao yenye unyevu.

Dalili nyingine nilikuwa nimeziona miaka yote bila kuzisoma: harufu ya ukungu kila asubuhi, mlango uliokuwa ukikwaruza sakafu, misumari iliyoinua vichwa, na kabati lililoegemea upande mmoja. Nilikuwa nimeliwekea kipande cha boksi mguuni likakaa sawa.

Kazi yenyewe

Tulianza na paa. Mfereji mpya ulifungwa, bati la ukingoni likarefushwa ili maji yadondoke mbali na ukuta. Kisha mzee akampandisha kijana wake juu na ndoo za maji, akawa anayamwaga paani huku sisi tukitazama ukuta kwa ndani. Siku ya kwanza tuliona doa, akarudi kurekebisha. Siku ya tatu ukuta ulibaki mkavu.

Baada ya hapo akasema tungoje. Nilikasirika, maana duka lilikuwa limefungwa. Lakini ukuta uliokunywa maji miaka kumi na minne haukauki kwa wiki moja. Tuling'oa kapeti, tukabandua plaiwudi, tukafungua madirisha, tukangoja kiangazi cha Juni.

Muda huo tulinunua mbao. Libuyu, ile nyekundu itokayo Congo, ni nzuri lakini bei yake ilinishinda. Tukachukua mkaratusi. Shida ya mkaratusi mbichi ni kwamba hupinda na kupasuka ukikauka. Kwa hiyo tuliupanga chini ya paa, kivulini, huku vijiti vikitenganisha kila mbao na mwenzake ili hewa ipite. Mbao za porini hatukuzitaka, maana msitu wa Nyungwe ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 na hakuna kukata mti mle.

Julai tukaanza kufungua sakafu. Boriti zilikuwa 13. Nane zilikuwa nzima kabisa, ngumu kiasi cha kupinda msumari. Tano za upande wa kona zilikuwa zimeoza nchani. Mbili kati ya hizo uozo ulikuwa umepita katikati, tatu ulikuwa umeishia karibu na ukuta.

Kabla ya kukata chochote, mzee alisimamisha nguzo za muda kule dukani, safu mbili, kila nguzo ikiwa na ubao mpana chini ili uzito usitoboe sakafu ya chini. Palipokuwa pamelegea alinyanyua kwa jeki ya gari, kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Alisema ukiinyanyua nyumba kuukuu kwa haraka, unachopata sakafuni utakipoteza ukutani kwa nyufa.

Boriti mbili zilizoharibika sana zilitolewa zote, zikawekwa mpya. Zile tatu alizikata. Hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonikaa moyoni. Alichora mstari pale uozo unapoishia kwa macho, kisha akasogeza msumeno sentimita 40 zaidi, ndani ya mbao iliyoonekana nzima. Nikamwambia anapoteza mbao nzuri. Akajibu, "Ugonjwa hautembei pale tu unapouona."

Ubavuni mwa kila boriti iliyokatwa alilaza nyingine mpya, zikapishana kwa mita moja na nusu, akazifunga kwa boliti sita za milimita 12 zenye washa pana. Ncha mpya ikaingia ukutani. Tundu la ukuta lilisafishwa, likawekewa jiwe bapa na karatasi ya lami ili mbao isiguse tofali lenye unyevu, na pembeni ikaachwa nafasi ya kidole ili ncha ipumue. Ncha zote zilipakwa dawa ya mbao. Mafundi wengi hutumia oili chafu ya magari. Hiyo inanuka, inachafua, na haipenyi ndani sana. Ndani ya nyumba wanamolala watu na kuwekwa unga, mimi niliikataa.

Mwisho tulitoboa matundu ya hewa kwenye kuta, yenye wavu wa kuzuia panya. Plaiwudi hatukuirudisha. Leo mteja wangu akiinua macho dukani anaziona boriti zote, nzee na mpya zikiwa bega kwa bega. Haipendezi kama zamani, lakini tone moja likidondoka nitaliona siku hiyohiyo.

Gharama zote, paa likiwemo, hazikufika faranga 900,000. Yule wa zege alitaka zaidi ya mara mbili ya hizo.

Mama hakuhama

Katika kazi yote hiyo jambo gumu kuliko boriti lilikuwa mama yangu. Nilimwomba aende kwa ndugu zetu Kamembe kwa mwezi mmoja. Alikataa. "Mimi nimehama vya kutosha," alisema. "Nimebebwa kuvuka mto nikienda, nimevuka kwa miguu yangu nikirudi. Hapa sitoki kwa ajili ya mbao."

Mzee seremala akamwelewa kuliko mimi. Alipanga kazi kwa zamu, akaacha njia ya mbao nzima kutoka kitandani kwake hadi kwenye ngazi, na kila jioni aliikagua mwenyewe kwa nyundo kabla ya kwenda kuvuka mpaka.

Kwa wachuuzi

Ndugu zangu wachuuzi, hili ni lenu. Sakafu ya chumba cha kulala kwa kawaida hukusudiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita moja ya mraba. Inawatosha watu, vitanda na kabati. Stoo ya mizigo huhitaji mara kadhaa ya hapo.

Piga hesabu. Magunia 50 ya kilo 50 ni tani mbili na nusu. Yakisambazwa katika chumba cha mita za mraba 20, ni kilo 125 kwa mita. Lakini nani husambaza magunia? Tunayalundika kwenye kona. Yakikaa kwenye mita za mraba tano, ni kilo 500 kwa mita, na kona ndipo boriti zinapoingia ukutani.

Basi mzigo mzito uwekwe chini. Ukilazimika kuupandisha juu, utandaze. Chumvi na samaki wakavu viwekwe juu ya vichanja, mbali na ukuta, na chumba kifunguliwe mara kwa mara. Nawe mwenye nyumba, usiangalie kodi pekee. Mimi nilipokea kodi ya kona ile miaka mingi, na gharama ya matibabu ya mguu ule niliilipa mimi, kama ilivyonipasa.

Hata majumba ya masultani

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya nyumba za maskini. Nenda Zanzibar. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa miti hiyo ndio uliopanga upana wa vyumba, kama mita tatu hivi. Paa likivuja, cha kwanza kuoza ni ncha zilizomo ukutani, kama zetu.

Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa fahari ya pwani yote. Sehemu yake iliporomoka mwaka 2012. Kisha Desemba 25, 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ya mbele ikaanguka na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo lilikuwa katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na Mji Mkongwe wote tangu mwaka 2000. Heshima hiyo haikuzuia kuta kuanguka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza: ufa unauona, ncha ya boriti huioni. Inabidi uende kuitafuta.

Usiku wa Februari

Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Bukavu, ndugu zetu wa ng'ambo walivuka na kuja kwetu. Dada yangu alikuja na watoto wake wanne. Nyuma yake akaja yule mama mchuuzi, mwenye kovu mguuni, pamoja na binti zake na wajukuu. Chumba cha ghorofani kililaza watu 11, wamejipanga kwenye mikeka kutoka ukuta hadi ukuta.

Yule mama alisita mlangoni. Akatazama kona ile, kisha akanitazama mimi. Nilitangulia, nikasimama katikati ya kona, nikakanyaga kwa nguvu mara tatu. Akacheka, akaingia, akatandika mkeka wake palepale.

Usiku nilikaa dukani chini, nikiwa nimezima taa, nikisikiliza. Nilisikia watoto wakikohoa na mama yangu akiwanong'oneza kwamba wamefika nyumbani, walale. Mbao zilikuwa kimya.